Kijana Wako Amekuwa Polisi: Kapewa Nini, Kazuiwa Nini?



Kila gwaride la kufunga mafunzo linapomalizika pale Shule ya Polisi Moshi, mabasi yanayotoka Kilimanjaro huwa na abiria wa aina moja: vijana wenye vichwa vilivyonyolewa, migongo imenyooka kama wamemeza mti, na begi kubwa lililofungwa kijeshi. Wanakwenda kuripoti vituoni. Huko nyumbani nako mambo si haba. Mama amekwisha waarifu majirani. Mjomba ambaye hakuonekana tangu Idi ya mwaka juzi sasa anapiga simu kila jioni. Na mtaani maneno yameanza. Huyu anasema, "Nyumba ile sasa imepata mtu." Yule anasema, "Haya, naye kawa njagu."

Kauli hizo mbili, ya kusifu na ya kubeza, zina kosa moja. Zote zinadhani kijana amepewa kitu cha kula. Wasikilizaji kadhaa, hasa wazazi, wamekuwa wakiniuliza kazi hii hasa ikoje. Nami leo nataka tuizungumze kama ilivyo, yaani konstebo mpya anapewa nini, anazuiwa nini na anabebeshwa nini. Nitakaa zaidi kwenye hilo la kubebeshwa, maana ndilo lisilosemwa siku ya sherehe.

Tuanze mlangoni. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi ya miaka ya karibuni yamekuwa na masharti yanayofanana. Mwombaji awe raia wa Tanzania na wazazi wake vilevile. Awe amemaliza kidato cha nne au cha sita, ama awe na stashahada au shahada. Umri usiwe chini ya miaka 18, na kwa waliotoka sekondari usizidi 25. Kimo kisipungue futi 5 na inchi 8 kwa mwanamume, futi 5 na inchi 4 kwa mwanamke. Asiwe ameoa wala kuolewa, asiwe na mtoto, asiwe na rekodi ya uhalifu, asiwe ametumia dawa za kulevya. Awe tayari kufanya kazi popote nchini, na gharama za usaili ajitegemee mwenyewe. Tena asiwe na michoro mwilini. Hili la mwisho limewaliza vijana wengi wa mjini, waliochora jina la mchumba mkononi wakiwa kidato cha pili. Mchumba ameshaolewa na mwingine, jina limebaki, na ajira imekwenda.

Katika masharti hayo hakuna mahali palipoandikwa fedha. Nalisema hili kwa sababu kila msimu wa ajira hutokea mtu mwenye simu mbili na viatu vinavyong'aa, anayemjua mkubwa fulani makao makuu, na wazazi wanauza shamba. Wengi wa watu hao ni matapeli wa kawaida na fedha haifiki popote. Lakini tuseme imefika. Kijana aliyeingia kazini kwa kuuza shamba la baba yake anaanza kazi na deni. Deni lile atalilipa nani, kama si mimi na wewe pale kwenye kizuizi cha barabarani?

Moshi penyewe kuruta huamshwa kabla jua halijachungulia, hukimbia, hupiga kwata mpaka visigino viwake moto, hujifunza kulenga shabaha na kutunza silaha. Watu wa mitaani huishia hapo wanapoeleza mafunzo ya polisi. Lakini ipo nusu nyingine ya mafunzo, ya darasani: sheria ya makosa ya jinai, sheria ya mwenendo wa mashauri, sheria ya ushahidi, na zile Kanuni za Kudumu za Jeshi la Polisi ambazo kila askari hutakiwa kuziishi. Nusu hii ndiyo husahaulika upesi. Kwata hukaa mwilini hata uzeeni, bali kifungu cha sheria kisipotumiwa hupotea katika mwaka mmoja.

Akihitimu anaitwa konstebo. Mkononi hana tepe. Juu yake wapo koplo, sajenti, staff sajenti na sajini meja. Kisha wakaguzi wenye nyota, warakibu, makamishna, hadi Inspekta Jenerali. Anapewa namba yake ya jeshi, yenye herufi na tarakimu, na askari wa kike hutanguliziwa herufi WP. Namba hiyo tutairudia.

Sasa angalia jambo la ajabu. Mtu huyu ni wa mwisho kabisa katika ngazi ya jeshi. Anatumwa chai, analinda lango usiku wa mvua, anampigia saluti kila mwenye nyota. Lakini akitoka nje ya geti, uwezo alio nao mkurugenzi wa benki hana, daktari hana, profesa hana. Anaweza kumshika mtu mzima mwenye familia, akamvua mkanda na viatu, akamweka mahabusu. Katika nchi nzima, uhuru wa mtu mmoja mmoja huguswa kwanza na mkono wa konstebo. Jaji huja baadaye, akikuta jambo limekwisha tendeka. Ndiyo maana mimi siamini kwamba konstebo ni kazi ndogo, hata kama mshahara wake ni mdogo.

Na tuseme juu ya mshahara na marupurupu. Konstebo ni mtumishi wa umma wa kudumu. Ana mshahara usio mkubwa, lakini unaofika. Anayo posho ya chakula, ambayo askari wenyewe huisubiri kwa hamu kuliko mshahara, kwa kuwa mshahara aghalabu umekwisha kopewa. Anapewa sare. Anayo bima ya afya. Anachangia pensheni katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, ule uliounganishwa mwaka 2018. Akihamishwa kikazi anastahili kulipwa gharama za uhamisho, ingawa kustahili na kulipwa ni mambo mawili. Chama chao cha kuweka na kukopa kipo. Na mabenki yanampenda, maana anayekatwa mshaharani hawezi kukimbia. Hajamaliza hata kuzoea kituo, kijana wa benki ameshamletea fomu za mkopo. Wengi huuchukua. Pikipiki hununuliwa, bati hupelekwa kwa mama kijijini, na kwa miaka mingi inayofuata kinachobaki mkononi mwisho wa mwezi ni cha kununulia sabuni.

Nyumba ni habari nyingine. Kota za polisi zipo, lakini hazitoshi. Ukipita laini polisi yoyote mjini utaona familia zilivyobanana, pazia likigawa chumba kimoja kuwa viwili. Wasiopata kota hupanga mitaani, nyumba moja na watu wanaowakamata. Hili lina uzuri wake, kwamba askari anajua shida za mtaa. Lina ubaya wake pia: mke wa askari anateka maji bomba moja na mke wa mtu ambaye jana alitiwa pingu na mumewe.

Ipo na ile desturi ya siku nyingi ya askari mwenye sare kupanda daladala bila nauli. Naijua hoja yake: mshahara mdogo, na kuwapo kwa askari garini ni usalama. Sina ugomvi nayo. Ila nimekwisha muona kondakta akimtazama askari anapopanda, na katika macho yale naona mahali ambapo uhusiano wa polisi na raia huanza kuharibika kwa shilingi mia chache. Kijana anayeanza kwa kutolipa nauli kwa kuwa ni desturi, kesho hatalipa chips kwa kuwa muuzaji kaona haya kumdai, na keshokutwa atakasirika akidaiwa.

Haya, upande wa kuzuiwa. Kizuizi kikubwa kimeandikwa kwenye Katiba yenyewe. Tangu nchi iliporudi katika vyama vingi mwaka 1992, ibara ya 147 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, na ibara hiyohiyo inasema mwanajeshi ni pamoja na askari wa Jeshi la Polisi. Amebakiziwa haki ya kupiga kura, basi. Kadi hana, fulana ya chama havai, kwenye mkutano wa hadhara anakwenda kulinda. Wakubwa kwa wadogo wote wanalijua hili, na wote tunajua pia kwamba ndilo linalopimwa kwa ukali kila msimu wa uchaguzi. Konstebo halaumiwi kwa moyo wake unampenda nani. Analaumiwa anapomvunjia huyu mkutano na kumfungulia yule barabara kwa kosa lilelile.

Chama cha wafanyakazi hana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayompa mwalimu na muuguzi njia ya kudai, inasema wazi kwamba haihusu Jeshi la Polisi. Kwa hiyo hagomi, haandamani kudai posho, wala hashiki bango. Malalamiko yake hupanda ngazi kwa ngazi, na mara nyingi ngazi ya kwanza ni mtu yuleyule anayemlalamikia. Waandishi wa habari hazungumzi nao juu ya kazi. Lipo jukumu la kamanda na msemaji. Kazi ya pili haifanyi bila ruhusa, ingawa bodaboda za askari zinazoendeshwa na wapwa zao sote tunazijua. Ndoa ina utaratibu wa kuomba ruhusa. Kuacha kazi pia kuna utaratibu, maana askari anayetoroka kazini ametenda kosa, tofauti na karani anayeacha tu kuja ofisini.

Hata muda si wake. Sheria ya Jeshi la Polisi, yenye asili ya mwaka 1939, inamhesabu askari kuwa yupo kazini wakati wote. Polisi ni jambo la Muungano, hivyo kijana wa Newala anaweza kupelekwa Wete, na binti wa Chake Chake akapangiwa Sumbawanga. Wazazi walioota mtoto wa kuwa karibu nao uzeeni wajue kwamba mtoto huyo ana baba mwingine anayeitwa makao makuu.

Sasa, ndugu msikilizaji, tuingie kwenye mzigo.

Watu wengi hudhani polisi hufanya kazi kwa nguvu, na sheria ni mambo ya mahakamani. Ukweli ni kwamba kesi hushindwa au kufaulu katika saa chache za kwanza, mikononi mwa askari wa chini kabisa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka anayekamata amweleze mtu kosa analokamatiwa. Inamkataza kutumia nguvu zaidi ya zinazohitajika. Mtu akitii kwa neno au kwa tendo, hana haja hata ya kuguswa. Huo mtindo wa kumning'iniza mtu kwa suruali sheria haiujui. Mwanamke anapekuliwa na mwanamke, na kwa heshima. Ukipekua nyumba ukachukua vitu, unaandika hati ya vitu ulivyochukua na mwenyewe anapewa. Mshukiwa anayo haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa msingi wa kumhoji ni saa nne kuanzia alipowekwa chini ya ulinzi, na ukihitajika zaidi upo utaratibu wa kuuongeza. Katika makosa ya kawaida, kama hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, suala la dhamana lishughulikiwe palepale kituoni. Na dhamana haina bei. Fomu ya PF3 kwa majeruhi haina bei. Namba ya RB haina bei.

Najua msikilizaji fulani anacheka. Anasema, "Haya ya kwenye vitabu, njoo kituoni kwetu." Namwelewa. Lakini ngoja nimwoneshe kwa nini haya si ya vitabuni tu.

Tuseme usiku mmoja konstebo wetu anamkamata mtu na bunduki. Mtu kweli ni jambazi, mtaa mzima unamjua. Askari anafurahi, anaichukua bunduki, anaitupa nyuma ya defenda, anaifikisha kituoni, anampa mwenzake wa zamu, mwenzake anaiweka kabatini, asubuhi mpelelezi anaichukua. Hakuna aliyeandika. Miezi minane baadaye mahakamani wakili anauliza swali moja tu: bunduki hii iliyoko hapa ndiyo ileile iliyokamatwa, na ilipitia mikono ya nani? Mahakama ya Rufani ilikwisha lieleza hili katika rufani ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, kwamba safari ya kielelezo tangu kinapokamatwa hadi kinapofika mahakamani sharti ionekane kwa maandishi, nani alikichukua, nani alikabidhiwa, kilitunzwa wapi. Maelezo ya mshukiwa yaliyochukuliwa nje ya muda wa sheria nayo yamekataliwa mara nyingi. Basi jambazi anatoka. Mtaa unasema hakimu amekula. Hakimu hakula kitu. Ni karatasi moja haikuandikwa usiku ule, na mtu aliyepaswa kuiandika ni konstebo mwenye usingizi.

Na yule aliyepigwa ili akiri? Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kuteswa, na ibara hiyohiyo inasema asichukuliwe kuwa mkosaji mpaka ithibitike. Kumpiga mtu ni njia ya mkato ya mpelelezi mvivu, maana aliyepigwa hukiri lolote. Wakati huo aliyetenda kosa yuko nyumbani anakunywa chai.

Kuna jambo zito kuliko hili la vielelezo, nalo ni silaha. Septemba 2, 2012, katika kijiji cha Nyololo wilayani Mufindi, mwandishi wa habari wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa wakati polisi walipokuwa wakizuia shughuli za chama cha upinzani. Picha zilienea, nchi ikashtuka. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliyoketi Iringa ilimtia askari mmoja hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miaka 15. Alikuwa konstebo. Siku ile pale kijijini walikuwapo askari wengi na wakubwa wao wenye nyota mabegani. Aliyesimama kizimbani alikuwa mmoja, na hakuwa na tepe.

Nimelitaja jambo hili si kwa kufukua makaburi. Nataka kila konstebo mpya, na mama yake, walijue. Askari anafundishwa kutii, na jeshi lisilo na utii ni genge. Lakini sheria ya polisi inapozungumza juu ya utii inazungumza juu ya amri halali. Neno hilo "halali" ni fupi, na kijana wa miaka 22 hupewa sekunde tatu za kulitafakari, moshi ukiwa machoni na mkubwa akipiga kelele nyuma yake. Baadaye mahakama itakuwa na miaka minne ya kulitafakari neno lilelile kwa utulivu, chini ya feni. Sheria inayomruhusu mtu kutumia nguvu humtaka pia ajibu kwa kila kilichozidi kipimo, na anayejibu ni yeye aliyevuta, kwa jina lake na namba yake.

Je, wakubwa hawajibu? Wamewahi kujibu. Mwaka 1976, katika msako wa wauaji mikoani Mwanza na Shinyanga, watu waliokamatwa waliteswa na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Mwanzoni mwa 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ingawa yeye hakumgusa mtu. Miaka minane baadaye nchi ilimchagua kuwa Rais. Ni mfano wa heshima, lakini tuseme kweli, umekuwa mfano wa kutajwa zaidi kuliko wa kufuatwa. Mwaka 2022 huko Mtwara askari polisi saba, wakiwamo maofisa, walifikishwa mahakamani kwa tuhuma za kumuua kijana mfanyabiashara wa madini. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 watu waliuawa katika maandamano na ghasia, na serikali ikaunda tume ya kuchunguza. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman mwaka 2023, juu ya haki jinai, ilikuwa imekwisha pendekeza kwamba Jeshi la Polisi lifumuliwe na kuundwa upya ili liwe chombo cha kutoa huduma. Jeshi hili lilizaliwa kwa tangazo la serikali la Agosti 1919, makao makuu yakiwa Lushoto, kwa kazi ya kumlinda mtawala Mwingereza. Lilipata Inspekta Jenerali wa kwanza Mwafrika, Elangwa Shaidi, mwaka 1964. Bendera ilibadilika upesi kuliko mazoea.

Lakini tusimtazame konstebo kama mtu wa kudhuru tu. Yeye pia hufa. Julai 2015 kituo cha Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa na askari 4 wakauawa pamoja na raia. Agosti 2016 pale Mbande, askari wengine 4 waliuawa nje ya benki wakati wa kubadilishana lindo. Aprili 13, 2017, wilayani Kibiti, askari 8 walimiminiwa risasi wakiwa garini, wakitoka lindoni. Agosti 2021 mtu mwenye silaha aliua askari 3 na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi karibu na ubalozi wa Ufaransa. Ukiwatazama hao wote, wengi walikuwa watu wa vyeo vya chini, waliokuwa wakifanya kazi iliyo ya kawaida kuliko zote: kukaa mahali mpaka mwenzako aje. Unapomwona askari nje ya benki amejikunyata saa tisa za usiku, bunduki mapajani, huyo ndiye ninayemsema. Mwenye fedha zilizomo ndani amelala.

Nimalizie na fedha, maana ndiko konstebo wengi wanakopotelea. Tume ya Jaji Warioba, iliyotoa taarifa yake juu ya kero ya rushwa mwaka 1996, ilipambanua rushwa ya mtumishi mdogo anayesukumwa na kipato kisichotosha na rushwa ya mkubwa anayesukumwa na tamaa. Ni upambanuzi wa haki. Ila Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haikuweka kifungu cha njaa. Konstebo akishikwa na noti za mtego wa TAKUKURU anashtakiwa kama mwingine yeyote, na kabla au baada ya hapo jeshi lina mashtaka yake ya ndani, ambayo mwisho wake ni kufukuzwa kazi. Anarudisha sare. Mkopo wa benki unabaki.

Haianzi kwa kishindo. Inaanza kwa dereva aliyekunja noti ndani ya leseni bila kuombwa. Au koplo mwenyeji anamwambia mgeni, "Hapa tunagawana, usijifanye mtakatifu." Hiyo ya pili ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu anayekataa si kwamba anakosa fedha tu, anakosa wenzake. Anapangiwa malindo ya mbali, anaitwa mchungaji, hakuna anayemwachia chakula. Wapo wanaovumilia hivyo miaka, na sijui kama tunawapa shukrani yoyote. Na sisi raia tunaokunja noti ndani ya leseni tusijitoe kando. Sheria hiyohiyo inamhesabu mtoaji kuwa mkosaji sawa na mpokeaji.

Wazazi mlioniuliza, basi, kijana wenu amepata kazi yenye heshima na mshahara wa uhakika, na mkimpigia simu kila juma kumuomba ada ya mtoto wa shangazi mnamsogeza pale barabarani kidogo kidogo. Mumuulize pia amelala wapi na amekula nini. Mshahara wa konstebo ukigawanywa kwa ukoo mzima hautoshi hata kiberiti.

Na msikilizaji usiye na jamaa polisi, ile namba niliyosema tutairudia ni kwa ajili yako. Unayo haki ya kumuuliza askari jina lake na namba yake, kwa adabu, naye awe na adabu kukujibu. Ukiwa na lalamiko, anza kwa mkuu wa kituo. Usiporidhika nenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya, kisha kwa kamanda wa mkoa. La rushwa piga TAKUKURU kwa namba 113, haikatwi fedha. La kuteswa au kuonewa unaweza pia kulipeleka Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Liandike likiwa na tarehe, saa, mahali na namba ya askari. Bila namba utaulizwa ni askari gani, na pale kituoni wote wamevaa sare moja.